Mvua kwa Wote: Riziki, Neema na Funzo la Maumbile katika Hotuba ya Mlimani ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi maumbile na mahitaji ya kila siku yanavyobeba mafunzo ya Kikristo katika matini ya Kiswahili ya Hotuba ya Mlimani (Mathayo 5–7), hususan katika Biblia ya Union ya mwaka 1952. Inajengwa hoja kwamba funzo hilo halitoki kwa ndege, maua na mvua pekee. Linatokana pia na maneno ambayo Kiswahili kilikwisha kuyalea kabla ya tafsiri: riziki, ghala, shamba, kunguru na neema. Maneno hayo huipa matini nguvu, lakini baadhi yake huweza pia kuipotosha. Uchambuzi wa msamiati, methali na mnyambuliko wa vitenzi unaonesha kwamba katika matini hii kipawa cha maumbile si malipo ya wema wala ushahidi wa upendeleo. Usomaji unaogeuza mavuno kuwa cheti cha kukubaliwa na Mungu unapingwa na matini yenyewe unayoitegemea.

1. Utangulizi

Mahubiri, tafakari na tungo nyingi za Kikristo katika Kiswahili huanza na kitu kinachoonekana. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, chipukizi la mhindi, ndege anayelia alfajiri au sahani ya chakula mezani hutajwa kwanza, kisha funzo hufuata. Utaratibu huo umezoeleka kiasi kwamba huonekana hauhitaji uhakiki. Maumbile yanasema, mwandishi ananakili, na msomaji anafarijika.

Nyuma ya wepesi huo kuna dhana mbili zinazostahili kupimwa. Ya kwanza ni kwamba maumbile yana sauti moja, na kwamba yeyote mwenye macho ataisikia vilevile. Ya pili ni kwamba baraka za kila siku ni dalili ya kibali: aliyenyeshewa amependwa, na aliyekaukiwa ana jambo la kujiuliza. Dhana hii ya pili ina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako watu wengi huishi kwa kilimo cha kutegemea mvua, na ambako kukosekana kwa masika moja hubadili maisha ya wilaya nzima.

Hotuba ya Mlimani inafaa kuwa uwanja wa kuzipima dhana hizo kwa sababu ni chemchemi ya mafunzo mengi ya aina hii. Kiswahili kimeipokea zaidi ya mara moja: Biblia nzima ilitoka kwa Kiunguja mwaka 1891, kwa Kimvita mwaka 1914, kwa mkono wa Karl Roehl mwaka 1937, na kwa umbo la Union mwaka 1952. Katika kila hatua watafsiri walikuta lugha iliyokwisha kusali, kufanya biashara na kulima kwa karne nyingi. Maneno waliyoyachagua yalikuja na historia yake, na historia hiyo ni sehemu ya maana ambayo msomaji huipata.

2. Riziki: neno lenye watendaji wawili

Katika Sala ya Bwana (Mathayo 6:11), Kigiriki kina neno la kawaida la mkate, likifuatana na kivumishi adimu ambacho maana yake imejadiliwa tangu zama za mababa wa Kanisa. Kiswahili kimelijibu fumbo hilo kwa njia tatu. Sala inayotumiwa na Wakatoliki inataja mkate wa kila siku. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 inataja chakula. Union inataja riziki. Tofauti hizi hazitokani na ladha ya watafsiri tu, kwani kila neno linafungua mlango wake wa fikra.

Neno riziki limetoka katika Kiarabu na limelelewa katika mazingira ya Kiislamu, ambamo Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuruzuku na kila kiumbe kinamtazamia yeye. Roehl, aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu katika Biblia yake, aliibua swali ambalo neno hili linalijibu vizuri: je, neno lenye asili ya Kiarabu ni mgeni katika matini ya Kikristo ya Kiswahili? Likipimwa kwa kazi linayoifanya, riziki si geni. Lina sifa ambayo mkate na chakula havina, yaani watendaji wawili. Mungu hutoa riziki, na mtu hutafuta riziki. Mvuvi anayesukuma ngalawa alfajiri husema anakwenda kutafuta riziki. Akirudi na samaki husema ameruzukiwa. Kitendo ni kimoja, nacho kinasimuliwa kutoka pande mbili bila mgongano.

Sifa hiyo inasaidia kutatua ugumu unaojitokeza aya chache mbele, pale ndege wanapotolewa kuwa mfano (6:26). Msomaji wa Kiswahili anafika hapo akiwa na hazina ya methali ambazo ndani yake maumbile hufunza bidii na akiba. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Haba na haba hujaza kibaba. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa msomaji huyo, ndege wasiopanda, wasiovuna wala kuweka akiba huweza kuonekana kama mfano wa uvivu. Lakini palipokwisha kutajwa riziki, ndege hasomwi kama mvivu. Anasomwa kama kiumbe anayetoka asubuhi kutafuta asichokitengeneza mwenyewe. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad kuhusu tawakkul, inayowataja ndege wanaotoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba, imewafunza Waislamu wa pwani kusoma vivyo hivyo: ndege wa kutumainia ni ndege aliyetoka kiotani. Matini ya Kikristo, kwa kulichukua neno riziki, imerithi pia busara hiyo. Methali ya kwamba riziki haivutwi kwa kamba haimkatazi mtu kufanya kazi. Inamkataza kudhani kwamba kazi yake ndiyo iliyoumba samaki.

Riziki ina faida nyingine ya kimuundo. Aya za 25 hadi 34 zinazungumzia chakula na mavazi kwa pamoja. Mkate na chakula huandaa nusu ya kwanza tu ya mjadala huo, ilhali riziki hukusanya vyote anavyohitaji mtu ili aishi. Hivyo Union, kwa neno moja, inaunganisha sala na mafundisho yanayoifuata.

Hata hivyo, uteuzi huo una gharama. Katika sura ya 4 mjaribu anataka mawe yawe mikate, na katika 7:9 baba anayeombwa mkate hampi mwanawe jiwe. Panapotajwa riziki katika 6:11, uzi unaoziunganisha sehemu hizo tatu unakatika. Anayesali kwa neno mkate anaushika uzi huo, tena anauunganisha na meza ya Ekaristi. Mkate nao una kikwazo chake: katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mlo unaobeba siku ni ugali, wali au ndizi, na mkate ni kitafunwa cha kununua. Hakuna tafsiri iliyoshika kila kitu. Kinachodhihirika ni kwamba baraka ya kila siku haijitaji yenyewe. Lugha ndiyo inayoamua ni kipi kitakachohesabiwa kuwa baraka.

3. Kunguru, magugu na thamani ya kisichothaminiwa

Union inatofautisha vitenzi viwili katika Mathayo 6. Ndege wanapaswa kuangaliwa, na maua yanapaswa kufikiriwa. Katika sehemu inayolingana nayo, Luka 12, kitenzi ni kutafakari, kwa ndege na kwa maua. Macho peke yake hayatoshi. Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma ya kufikiria maua kina maana ya kujifunza kwa makini, na Kiswahili kimeihifadhi hatua hiyo kutoka kutazama hadi kuwaza. Kwa hiyo matini yenyewe inaikana dhana ya kwanza iliyotajwa katika utangulizi: maumbile hayasemi kwa asiyefanya kazi ya kuyasoma.

Yanayosomwa ni viumbe gani? Luka hataji ndege kwa jumla; anamtaja kunguru. Katika torati ya Musa (Walawi 11:15) ndege wa jamii hiyo ni najisi, na hapo ndipo penye makali ya mfano: Mungu analisha ambacho sheria imekiweka mbali na meza. Kwa kawaida ukali kama huo hupotea katika tafsiri, kwa kuwa msomaji wa lugha nyingine hana chuki ileile. Kwa Kiswahili haukupotea. Kunguru wa miji ya pwani, wa jamii iliyoletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, anajulikana kwa wizi, kelele na kudokoa majalalani. Lugha imemhukumu kwa maneno mawili: kunguru hafugiki. Methali hiyo husemwa juu ya mtu asiyelipa fadhila kwa fadhila. Ikisomwa kando ya Luka 12:24, inazaa maana ambayo haikuwamo katika Kigiriki. Kiumbe ambacho binadamu wamekata tamaa ya kukifuga, kwa kuwa hakitoi shukrani, bado kinalishwa. Ulishaji huo hautazamii faida.

Mazingira ya karibu yanaongeza uzito. Katika Luka, kunguru anakuja mara tu baada ya mfano wa tajiri anayebomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na Union inasema kuwa kunguru hana ghala wala uchaga. Neno la kwanza linanukia biashara na bandari. La pili ni la mkulima, jukwaa la miti ambalo nafaka huwekwa juu ya moshi na mbali na panya. Kwa kuyaweka pamoja, tafsiri inawafikia mfanyabiashara na mwanakijiji kwa sentensi moja. Haiwakatazi kuwa na uchaga. Inakataza uchaga kuchukua nafasi ya anayelisha.

Maua nayo yana siri yake. Union inayaita maua ya mashamba. Shamba ni ardhi iliyolimwa, na ua linalojiotea katikati ya mahindi huhesabiwa kuwa gugu, jembe linalisubiri. Lau tafsiri ingeyapeleka maua hayo mwituni, msomaji angepata mandhari ya kupendeza tu. Kwa kuyaacha shambani, inampa kitu kigumu zaidi: uzuri unaozidi mavazi ya Sulemani umevikwa mmea ambao mwenye shamba hauhitaji. Tukiongeza mashomoro wa Mathayo 10:29, ndege wa bei ya chini sokoni, mpangilio unajitokeza. Mwizi, gugu na kitoweo cha maskini ndivyo vilivyochaguliwa kufunza. Matini haikutumia tai, mwerezi wala simba. Kama kulishwa na kuvikwa kungekuwa malipo ya heshima, walimu hawa wangekuwa wa mwisho kuitwa.

Tena, matini haifichi mwisho wao. Shomoro huanguka. Majani yaliyovikwa leo hutupwa motoni kesho. Hapa Union inatumia neno kalibu, ambalo humpeleka msomaji kwa mhunzi na subu ya chuma. Neno la Kigiriki linataja tanuri la udongo la kuokea mikate, ambalo huwashwa kwa nyasi kavu. Tofauti hiyo si ndogo. Tanuri lingelirudisha ua lililonyauka jikoni, likawa kuni za mkate ulioombwa katika sala. Kalibu imeuvunja mzunguko huo. Hata hivyo, wazo la kupita kwa uzuri halikuwa jipya kwa Kiswahili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilikwisha kuwafunza wasomaji kuyatazama majumba ya Pate yaliyogeuka makao ya ndege na popo, na kuutafakari ufupi wa neema za dunia. Tofauti iko katika hitimisho. Katika utenzi ule kupita kwa vitu kunauonya moyo usivitegemee. Katika hotuba, kitu kinachopita kinavikwa vizuri hata hivyo. Ufupi wa maisha hauondoi matunzo.

4. Mvua mbili

Mvua inaonekana mara mbili katika Hotuba ya Mlimani, na mara hizo mbili hazisomwi pamoja mara nyingi. Katika 5:45 ni kipawa, ikitajwa pamoja na jua. Katika 7:25 na 7:27 ni pigo, ikija na mafuriko na upepo. Anayetafuta funzo katika mvua ya kwanza akaiacha ya pili amesoma nusu ya maumbile.

Sarufi ya Union inastahili kuangaliwa hapa. Katika 5:45 kitenzi ni huwanyeshea. Kiambishi hu- kinaonesha desturi isiyo na kikomo. -Wa- kinawakilisha watu. Kauli ya kutendea inaonesha kwamba tendo linafanywa kwa ajili yao. Na mtendaji ni Mungu. Katika 7:25 kitenzi ni ikanyesha. Desturi imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na -ka- ya masimulizi, mtendwa hayupo, kauli ya kutendea haipo, na kiima ni mvua yenyewe. Kwa maneno mengine, mvua ya neema ina mtoaji na wapokeaji, lakini mvua ya maafa hunyesha tu. Haisemwi kuwa imetumwa kumwadhibu yeyote. Wanaozoea kuyaita mafuriko hukumu kabla maji hayajakauka hawapati msaada katika kitenzi hiki.

Pamoja na tofauti hizo, mvua mbili zinafanana katika jambo moja la msingi. Ya kwanza inawafikia wenye haki na wasio haki. Ya pili inazipiga nyumba zote mbili, ya mwenye akili na ya mpumbavu, na matini inarudia maelezo ya dhoruba karibu neno kwa neno ili usawa huo usikose kuonekana. Kipawa ni kwa wote, na jaribu ni kwa wote. Kinachotofautisha nyumba ni msingi, na msingi hauonekani mvua isiponyesha. Mkazi wa nchi kame anaielewa picha hii bila ufafanuzi. Korongo lenye mchanga mweupe hukauka miezi mingi, panavutia kujenga, kisha maji hushuka usiku mmoja.

Hapa dhana ya pili ya utangulizi inaporomoka. Katika hotuba hii hali ya hewa haipimi uadilifu wa mtu. Tena, 5:45 haikusudiwi kumfanya msikilizaji ajichunguze kwa nini amenyeshewa. Inakuja kama hoja ya kuwapenda maadui. Funzo la mvua si kwamba fulani amebarikiwa. Ni kwamba aliyebarikiwa hana ruhusa ya kuchagua wa kumtendea mema.

5. Neema na kuneemeka

Neno la Kigiriki ambalo kwa kawaida hutafsiriwa neema halimo katika Injili ya Mathayo. Hata hivyo, ni vigumu kwa Mkristo msomaji wa Kiswahili kuzungumzia ndege, maua na mvua bila kulitumia, na hapo panahitajika tahadhari. Neema katika Kiswahili ni wingi wa mavuno na pia ni kipawa cha wokovu. Mwaka wa neema ni mwaka ambao maghala yamejaa, na kinyume chake ni mwaka wa njaa. Kitenzi kuneemeka kimeegemea zaidi upande wa mali: aliyeneemeka ni aliyestawi. Lugha, kwa hiyo, imeweka daraja kati ya shamba na madhabahu. Daraja hilo ni zuri kwa kuwa linamzuia Mkristo kuudharau mhindi na maji kana kwamba ni mambo ya kidunia tu. Lakini hupitika pande zote mbili. Kama wokovu ni neema na mavuno ni neema, ni rahisi kuhitimisha kwamba asiye na mavuno amepungukiwa na wokovu.

Mahali pa kulipima daraja hilo ni ibada ya mavuno. Katika sharika nyingi za Tanzania na Kenya waumini huleta magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuku na mayai, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada. Hakuna maelezo ya neema yanayoonekana wazi kuliko hayo. Lakini ibada hiyo hiyo huja pia katika mwaka ambao mvua imekatika mapema. Iwapo mhubiri amezoea kusema kwamba mavuno ni jibu la Mungu kwa uaminifu, mwaka huo hana la kusema isipokuwa kunyamaza au kuwashutumu waliokwisha kupoteza mbegu. Iwapo amesoma 5:45 pamoja na 7:25, bado ana neno.

Historia ya fasihi inaonesha kwamba sifa za maumbile katika Kiswahili cha Kikristo hazikutoka kwa watu walioshiba tu. Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki aliyeandika Utenzi wa Zaburi katika miaka ya 1960, alizaliwa Ugogo mwaka 1917, katika miaka ya njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Zaburi alizozileta katika bahari ya utenzi ni kitabu ambamo Mungu husifiwa kwa kuwalisha makinda ya kunguru wanaolia (Zaburi 147:9), na ambamo pia kuna malalamiko ya watu walioachwa. Asomaye sifa hizo huku akikumbuka Mtunya hawezi kuzichukulia kuwa urembo. Kusifu mvua katika nchi inayoijua njaa ni tendo la imani, kwa kuwa ushahidi haupatikani kila mwaka.

Linabaki pingamizi zito. Inaweza kudaiwa kwamba mfano wa ndege humtuliza maskini ili asidai haki yake: asisumbuke, Mungu atamlisha. Usomaji huo umewahi kutumika, na uhakiki hauna budi kuukabili. Jibu liko katika viambishi. Sala ya 6:11 haiombi riziki yangu. Inaombwa kwa nafsi ya wingi, katika kitenzi na katika kivumishi kimilikishi. Mwenye ghala lililojaa na mwenye uchaga mtupu wanaomba riziki moja, na tena wanaomba ya leo. Aliyejaliwa kuipata ya wawili hawezi kuitamka sala hiyo bila kukiri kwamba nusu yake imeombwa na mwingine. Zaidi ya hayo, hotuba inakubali mwishoni mwa sura ya 6 kwamba kila siku ina maovu yake. Haimwahidi msikilizaji siku isiyo na taabu. Inamkataza kuibeba taabu ya kesho leo.

6. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba funzo la maumbile katika Hotuba ya Mlimani ya Kiswahili ni zao la makutano ya matini na lugha. Riziki imewapatanisha anayetafuta na anayetoa. Kunguru na maua ya mashamba wamehifadhi, na pengine wameongeza, ukali wa mfano unaohusu viumbe wasiothaminiwa. Vitenzi huwanyeshea na ikanyesha vimetenganisha kipawa na maafa, huku usawa wa wapokeaji ukibaki palepale. Kalibu na neema, kwa upande mwingine, zimeonesha kwamba neno moja laweza kukata uzi au kufungua njia ya upotovu.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kikristo ya Kiswahili, matokeo haya yanatoa kipimo. Tungo au tafakari inayotafuta funzo katika mvua, ndege au mlo wa jioni ipimwe kwa swali hili: je, funzo hilo lingeweza kusomwa kwa sauti mbele ya jirani ambaye mvua haikufika shambani kwake? Mafunzo ya Mathayo 5–7 yanaweza kusomwa hivyo, kwa kuwa hayamwambii jirani huyo kwamba amenyimwa kwa sababu fulani. Yanamkuta aliyenyeshewa na kumuuliza riziki iliyo mkononi mwake ni ya nani.